Mchezo Usiomwagika: Historia ya Sataranji ya Safarini

Msafiri anayependa bao hana haja ya kubeba bao. Akiwa na komwe zake 64 mfukoni, popote atakapopumzika atachimba mashimo 32 katika udongo, na mchezo umeanza. Komwe zote ni sawa, na kila moja ikishatua shimoni imetulia. Upepo ukivuma, mbuzi akipita, mtu akikunjua goti, hesabu inabaki ile ile.

Sataranji nayo ina miraba 64, ila haina wepesi huo. Kete zake 32 zina vyeo: mfalme, malkia, ngome, farasi, askofu na askari. Kila moja imesimama mahali pake juu ya ubao mtupu, bila ukingo wa kuizuia. Mtikiso mmoja tu, na fikra za saa mbili zimelala kifudifudi. Historia ya sataranji ya safarini ni historia ya swali moja: mtu atasafirije na mchezo ambao haujaisha bila mchezo huo kumwagika? Kwa karibu miaka 200 mafundi, madaktari, wasanii na wahandisi wamelijibu kila mmoja kwa namna yake. Jibu lililodumu kuliko yote ni lile ambalo wacheza bao wanalo siku zote: ipe kete shimo lake.

Mchezo wenyewe ni msafiri tangu kuzaliwa. Jina tunalolitumia limetufikia kwa Kiarabu, shatranj, ambalo Waarabu walilipata kwa Waajemi, chatrang, nao Waajemi wakalipata India, ambako chaturanga lilimaanisha viungo vinne vya jeshi: askari wa miguu, farasi, tembo na magari ya vita. Mwaka 1977 wachimbuaji wa mambo ya kale walipata kete saba za pembe huko Afrasiab, mji wa kale ulio pembezoni mwa Samarkand ya leo, penye njia za misafara ya hariri. Ni ndogo, za kufumbatwa mkononi. Waajemi na Waarabu walicheza pia juu ya kitambaa au ngozi iliyochorwa miraba, kitu cha kukunjwa na kutiwa ndani ya mzigo wa ngamia. Mikeka ya plastiki inayoviringishwa, ambayo leo inabebwa na vilabu vya shule kutoka Kampala hadi Chicago, ni mjukuu wa kitambaa hicho. Lakini kitambaa kilitatua tatizo la ubao tu. Msafara ulipong'oa hema, mchezo ulikufa.

Kilichowaamsha watu wa Ulaya ni treni. Reli ya Liverpool na Manchester ilifunguliwa mwaka 1830, na katika miaka michache iliyofuata maelfu ya watu walijikuta wameketi kwenye viti vinavyotikisika kwa saa nyingi, mikono haina kazi. Mmoja wa waliolifikiria jambo hilo alikuwa daktari Peter Mark Roget wa London. Dunia inamkumbuka kwa kamusi yake kubwa ya visawe vya Kiingereza, iliyotoka mwaka 1852. Wachache wanajua kwamba mtu huyo aliyekuwa katibu wa Royal Society kwa zaidi ya miaka 20 aliipenda sataranji kwa dhati, akaandika mwaka 1840 kuhusu njia ya kumtembeza farasi juu ya miraba yote 64 bila kurudia hata mmoja. Katikati ya miaka ya 1840 alibuni ubao wa mfukoni wa kadi, wenye mikato midogo kwenye kila mraba. Kete zake zilikuwa vipande bapa vilivyochorwa, vya kuchomekwa kwenye mikato hiyo. Kampuni ya De La Rue, iliyosifika kwa kuchapa karata, ndiyo iliyouchapisha. Ulikuwa mwepesi kama barua na haukuwa ghali. Kwa maoni yangu hakuna aliyebuni kitu chenye manufaa zaidi kwa mcheza sataranji maskini hadi ilipokuja plastiki.

Mafundi wa mbao walikwenda njia nyingine. Machi 1849, Nathaniel Cooke alisajili London umbo jipya la kete, na kampuni ya Jaques ikaanza kuziuza mwaka huo huo kwa jina la bingwa Howard Staunton. Kabla ya hapo kete nyingi za Kiingereza zilikuwa ndefu, nyembamba, zenye mapambo juu na kitako chembamba, hivyo ziliangushwa hata na mkono wa shati. Kete za Staunton zilikuwa na kitako kipana na zile bora ziliongezewa uzito wa risasi chini. Hadi leo ndizo zinazotumika katika mashindano yote makubwa. Miaka miwili baadaye London ikafanya shindano la kwanza la kimataifa, Mjerumani Adolf Anderssen akalishinda, na wachezaji wakazoea kuvuka mipaka kufuata mchezo.

Jaques hao hao walitengeneza seti ninayoiona kuwa kilele cha kazi hii. Waliipa jina la Kilatini, In Statu Quo, maana yake "katika hali ile ile". Kwa nje ni kijisanduku chembamba cha mbao kilichokunjwa katikati kwa bawaba. Ukikifungua, unapata ubao wenye tundu katika kila mraba, na kete ndogo zilizokerezwa, kila moja na kipini chake chini. Hadi hapo hakuna jipya, kwa sababu mbao za matundu zilikwishakuwapo. Ajabu iko chini ya uso wa ubao. Huko kuna bamba lililofichwa, na pembeni kuna kiwenzo kidogo cha chuma. Ukikisukuma, bamba linasogea kidogo na kuvibana vipini vyote kwa pamoja. Kete hazitoki tena, hata ukiugeuza ubao juu chini. Unaufunga ubao katikati ya mchezo, kete za nusu moja zikipishana na za nusu nyingine, unautia mfukoni, unashuka treni, unapanda meli. Jioni unaufungua, unarudisha kiwenzo, na farasi wako bado anamtishia malkia wa mwenzako pale pale ulipomwacha. Anayeshika mojawapo ya seti hizi leo, baada ya zaidi ya miaka 150, na akakisikia kile kiwenzo kikiteleza, ataelewa kwa nini watu wazima hukusanya vitu hivi kwa mapenzi makubwa.

Hapa lazima niseme neno juu ya malighafi, maana linatuhusu. Seti nyingi za safari za karne hiyo zilikuwa za mbao, au za mfupa wa ng'ombe, upande mmoja ukiachwa mweupe na wa pili ukitiwa rangi nyekundu. Zile za kitajiri zilikuwa za pembe za ndovu. Katika karne ya 19 bandari kuu ya pembe katika Afrika Mashariki ilikuwa Unguja. Misafara ilizishusha kutoka bara, kupitia Ujiji na Tabora hadi Bagamoyo, mabegani mwa wapagazi, kisha majahazi na meli zikazipeleka Bombay, London na Marekani, ambako viwanda vya Connecticut vilizipasua kuwa vitufe vya piano. Biashara hiyo ilikwenda bega kwa bega na biashara ya watumwa. Tangu mwaka 1990 biashara ya kimataifa ya pembe za ndovu imepigwa marufuku chini ya mkataba wa CITES, na sheria ya Uingereza iliyopitishwa mwaka 2018 ilianza kubana hata uuzaji wa vitu vya kale vya pembe mwezi Juni 2022. Mkusanyaji anayejiheshimu hununua mbao na mfupa, na anajua kuutofautisha mfupa na pembe: mfupa una vidoto na vistari vidogo vyeusi, alama za mishipa ya damu iliyopita humo, wakati pembe ya ndovu inaonyesha mistari laini inayokatana kama wavu.

Baada ya sanduku ilikuja pochi ya kukunjwa, yenye mikato ya kuchomeka kete bapa. Wachezaji wa sataranji kwa posta waliipenda kwa sababu iliyo wazi. Mtu mmoja angeweza kuwa na michezo kumi na wapinzani wa miji kumi, kila mmoja akituma hatua moja kwa barua na kungoja jibu kwa wiki kadhaa. Hakuna nyumba yenye meza kumi za kuacha wazi. Pochi kumi, kila moja ikiwa imeshika mchezo mmoja, zinakaa katika droo moja.

Aliyeipandisha pochi hadhi ni Marcel Duchamp, msanii Mfaransa aliyeitikisa dunia ya sanaa kabla na baada ya Vita vya Kwanza, kisha akaelekeza nguvu zake nyingi kwenye sataranji kiasi cha kuichezea Ufaransa katika Olimpiadi za mchezo huo. Mwaka 1943, akiwa New York, alitengeneza seti ya mfukoni: pochi ya ngozi, kete bapa za seluloidi, na vipini vidogo vya kuzishika mahali pake. Iliingia katika maonyesho ya sanaa ya sataranji yaliyofunguliwa Desemba 1944 kwenye ukumbi wa Julien Levy, pamoja na kazi za Max Ernst, Man Ray na Isamu Noguchi. Wengine walileta kete za kutazamwa. Duchamp alileta ya kuchezea, na naiheshimu zaidi kwa hilo. Tatizo lake ni seluloidi yenyewe. Ikizeeka huwa ya manjano, hupindika na kupasuka, na wahifadhi wa makumbusho wanahangaika nayo.

Bobby Fischer, bingwa wa dunia wa mwaka 1972, alikuwa na mazoea ya kutembea na seti ndogo ya ngozi mfukoni, akiichomoa mezani mwa hoteli, ndani ya gari au ndege. Enzi hizo mchezo mrefu uliahirishwa. Mchezaji aliandika hatua yake ya mwisho, ikafungwa katika bahasha, na usiku kucha kila upande ulichambua chumbani kwa seti ya mfukoni. Mchezo wa 21 wa pambano lake la ubingwa na Boris Spassky huko Reykjavik uliahirishwa hivyo tarehe 31 Agosti. Kesho yake Spassky hakurudi ukumbini. Alipiga simu kukubali kushindwa, na ubingwa ukaamuliwa na uchambuzi wa usiku. Lakini seti hiyo hiyo ikichomolewa chooni wakati mchezo unaendelea ni udanganyifu. Kanuni za FIDE, shirikisho la dunia la sataranji, zinakataza kuchambua mchezo juu ya ubao mwingine.

Kuna seti ambazo hakuna kiwanda kilichozitengeneza. Katika magereza na kambi za karne ya 20 wafungwa walifinyanga kete kwa mkate, wakijinyima chakula ili wapate mfalme na askari wake, wakachora miraba juu ya kitambaa au sakafu. Nyingi zililiwa na panya au kunyang'anywa na walinzi. Natan Sharansky, aliyefungwa katika Muungano wa Sovieti tangu 1977 hadi 1986, alicheza kichwani mwake alipowekwa peke yake katika seli. Miaka kumi baada ya kuachiwa alimshinda Garry Kasparov, aliyekuwa akicheza na watu kadhaa kwa wakati mmoja huko Israeli.

Sumaku ilichelewa, na sababu yake ni ya kiufundi. Sumaku za zamani zilikuwa kubwa au zilipoteza nguvu zilipofanywa ndogo. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 maabara ya Philips nchini Uholanzi ilitoa sumaku za feraiti, udongo mgumu kama kigae, wa bei ndogo, unaobaki na nguvu hata ukikatwa vipande vyembamba. Muda si mrefu kila duka la vitu vya watoto lilikuwa na kijisanduku cha plastiki chenye bati chini na kete zenye sumaku kitakoni. Ndizo wengi wetu tunazozijua, na nyingi ni dhaifu: bawaba hukatika, sumaku hubanduka. Hata hivyo ziliwafikia watoto wengi kuliko Jaques alivyoweza kuota.

Sumaku ilikutana na mahali ilipokataliwa. Tarehe 1 Juni 1970 Warusi walirusha chombo cha Soyuz 9 kikiwa na Andrian Nikolayev na Vitaly Sevastyanov, ambao wangekaa angani karibu siku 18, rekodi ya wakati huo. Walitaka kucheza sataranji. Angani kete haianguki, inaelea, na hiyo ni shida kubwa zaidi, kwa kuwa kete iliyopotea inaweza kunasa ndani ya mitambo. Sumaku hazikuruhusiwa kwa hofu ya kuvuruga vifaa. Mhandisi Mikhail Klevtsov akatengeneza ubao wenye mifuo, na kete zenye kitako kilichonaswa ndani ya mifuo hiyo, hivyo hazinyanyuliwi bali zinatelezeshwa kutoka mraba hadi mraba. Tarehe 9 Juni wanaanga wawili walicheza na Dunia, iliyowakilishwa na mwanaanga Viktor Gorbatko na Jenerali Nikolai Kamanin. Hatua zilitumwa kwa redio kila chombo kilipopita mahali pa kusikika, kikiizunguka Dunia mara kadhaa kabla ya mchezo kwisha. Wakatoka sare. Tazama alichofanya Klevtsov: alimnyima mchezaji uhuru wa kuinua kete ili ampe uhakika kwamba haitapotea. Mwaka 2008 Mmarekani Gregory Chamitoff alipokwenda kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga alibeba seti yenye kitambaa cha kunatanata, kile cha kufungia viatu vya watoto, akacheza na vituo vya kuongozea vyombo huku chini.

Tundu na kipini, ile mbinu kongwe, haikuzeeka pia. Wachezaji wasioona hucheza kwa kupapasa, na mguso mmoja usio makini ungeharibu kila kitu. Kanuni za FIDE zinataka ubao wao uwe na tundu katika kila mraba, miraba myeusi iinuliwe kidogo, kila kete iwe na kipini, na kete nyeusi ziwe na alama ya kuhisiwa kwa kidole. Kilichobuniwa kwa ajili ya wasafiri sasa kinawahudumia watu kwenye meza iliyotulia tuli.

Nimewahi kutengeneza seti ya namna hiyo, na napenda nieleze kwa anayetaka kujaribu. Ubao ni wa mninga, wenye miraba ya sentimita 2, jumla sentimita 16 kwa 16 bila ukingo. Miraba myeusi niliipaka rangi. Katikati ya kila mraba nilitia alama kwa msumari kabla ya kutumia keekee, kwa sababu tundu likienda kombo kwa milimita moja, safu nzima inaonekana imelewa. Ukanda wa karatasi ya gundi ukizungushwa kwenye ncha ya keekee unaonyesha kina cha kuishia. Usisahau matundu 16 kila pembeni kwa ajili ya kete zilizoliwa. Kete nyeusi nilizikereza kwa mpingo, na nyeupe kwa mti wa mchungwa, ambao ni wa manjano hafifu na nyuzi zake ni nyembamba. Kosa langu lilikuwa vipini. Mara ya kwanza nilivichonga kwa mti huo huo wakati wa kiangazi. Masika yalipoingia, unyevu wa pwani ulizivimbisha mbao, kete zikakwama, na nilipomvuta farasi mmoja shingo yake ikavunjika mkononi. Mara ya pili nilitumia waya wa shaba nyeupe wa milimita 2, uliozamishwa kwa gundi ndani ya kitako, na tangu hapo misimu inapita bila tabu. Anayetaka sumaku atumie zile za neodimi, zilizotoka maabara za Marekani na Japani mwanzoni mwa miaka ya 1980, ila achague nyembamba sana, maana zikiwa na nguvu mno askari hurukiana. Na asimpe mtoto mdogo, kwa kuwa sumaku hizo zikimezwa zaidi ya moja huumiza utumbo vibaya.

Wakusanyaji wa sataranji wana chama chao cha kimataifa tangu mwaka 1984, na katika minada seti kubwa za wafalme ndizo zinazotajwa magazetini. Mimi nasema seti za safari ndizo zenye habari zaidi. Seti ya sebuleni ilitazamwa. Ya safarini ilishikwa, ikalowa jasho, ikachezewa kwenye sitaha, hospitalini, kambini. Ukiikuta, mtazame farasi kwanza, maana ndiye mgumu kuchonga, na fundi mzuri anajulikana kwa shingo ya farasi hata ikiwa ndogo kama punje ya mahindi. Kisha hesabu kete zote 32. Askari mmoja mwenye rangi tofauti kidogo mara nyingi ni mbadala aliyechongwa na mwenye seti baada ya kumpoteza wa asili njiani. Wafanyabiashara humtupa na kuweka mwingine anayefanana na wenzake. Ni kosa. Askari yule ndiye shahidi pekee kwamba safari ilifanyika.

Kwa hiyo ukipata kijisanduku cha namna hii katika kasha la babu au bibi, iwe Mombasa, Unguja, Bujumbura au Muscat, usikipige varnishi wala msasa, na usitupe kete ya kuchongwa kwa kisu. Kipanguse kwa kitambaa kikavu, kiweke mbali na jua, kisha mwulize aliye hai bado katika ukoo kilitoka wapi na nani alikicheza, uandike jina hilo kwenye kipande cha karatasi na ukifungie humo ndani pamoja na kete.